Carlo Goldoni: Wakili aliyeitetea lugha ya nyumbani



Ukifika Malindi ama Watamu, neno ciao utalisikia hata kabla hujalipa nauli ya tuktuk. Vijana wa ufuoni hulisema, wauza vinyago hulisema, na watoto wa mitaani wameligeuza kuwa lao. Wengi wetu twadhani ni Kitaliano basi. Lakini neno hilo halikuzaliwa katika Kitaliano cha vitabuni. Limetoka katika lahaja ya mji wa Venezia, ambao Waingereza huuita Venice. Watu wa mji huo zamani walipoamkuana ama kuagana, kila mmoja alijiita mtumwa wa mwenzake, yaani yuko tayari kumtumikia. Neno lao la mtumwa likalainika midomoni, likakatwa, mpaka likawa ciao. Kwetu hilo si geni. Shikamoo nayo yatokana na kushika miguu, na leo hakuna anayeikumbuka miguu anapoitamka.

Wiki hii nataka kuwasimulia maisha ya mtu wa Venezia aliyefariki zaidi ya miaka 230 iliyopita. Jina lake ni Carlo Goldoni. Wataliano wanaoishi pwani yetu wamjua tangu shuleni. Mimi namleta katika safu hii kwa sababu alifanya jambo ambalo sisi Waswahili wa Mvita, Lamu, Pate na Vumba twalihitaji sana wakati huu: alichukua maneno ya uani, sokoni na bandarini kwao, akayapandisha jukwaani mbele ya mabwana na masikini, wala hakuyaomba radhi.

Kwanza tuujue mji wenyewe. Venezia imejengwa juu ya visiwa vidogo, njia zake kubwa ni maji, na utajiri wake ulitokana na jahazi na biashara na nchi za Mashariki. Bandari yoyote hukopa maneno, na Venezia ilikopa mengi kwa Waarabu. Kiwanda chao kikuu cha kuunda merikebu kiliitwa Arsenale, neno linalotokana na Kiarabu cha nyumba ya kazi za ufundi, mzizi ule ule uliotupa sisi neno sanaa. Mahali pa kupigia sarafu paliitwa Zecca, kutoka neno la Kiarabu sikka. Kahawa nayo iliwafikia kutoka nchi za Kiislamu, jina na kinywaji pamoja.

Lugha ya mji huo, Kivenezia, haikuwa lugha ya watu wa chini peke yao. Mabwana wa serikali walizungumza hiyo katika mabaraza yao, na mawakili walitetea kesi kwa hiyo. Lakini mtu akishika kalamu kuandika kitabu cha maana, alitakiwa aandike Kitoskana, lugha ya Firenze, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa Kitaliano sanifu. Basi mtu alikuwa na lugha mbili: moja ya kuishi, nyingine ya kuandikia. Nadhani msomaji wa pwani haihitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Goldoni alizaliwa hapo Venezia tarehe 25 Februari 1707. Babu yake alikuwa mtu wa raha na matumizi makubwa, akipenda michezo ya kuigiza, na alipokufa aliwaacha jamaa katika dhiki. Baba yake, Giulio, akaenda kusomea utabibu, na kijana akawa akihamahama nyuma yake. Alisoma Perugia, kisha akapelekwa Rimini kujifunza falsafa kwa mapadri. Falsafa haikumwingia. Katika mji huo kulikuwa na kundi la waigizaji lililokuwa likirudi upande wa Venezia kwa mashua. Kijana wa miaka 14 hivi akatoroka masomo, akapanda nao, akateremka Chioggia alikokuwa mama yake. Mzazi yeyote atajua ghadhabu iliyomngoja, lakini baba yake alimsamehe.

Baadaye alipata nafasi katika chuo cha Ghislieri mjini Pavia asomee sheria. Mwaka 1725 alifukuzwa, kwa sababu aliandika maneno ya kejeli kuhusu mabinti wa familia za mji huo. Kalamu yake ilikuwa tayari kali, na bado haijajua mipaka. Akatangatanga, kisha akaajiriwa karani msaidizi katika ofisi ya kesi za jinai, tena mji ule ule wa Chioggia. Kazi ilikuwa kuwahoji mashahidi na kuandika maelezo yao. Chioggia ni mji wa wavuvi kusini ya Venezia, na watu wake wana lahaja yao inayotofautiana na ya Venezia, kama Kiamu kinavyotofautiana na Kimvita. Karani huyu kijana akakaa akiwasikiliza wavuvi na wake zao wakieleza nani alimtusi nani, nani alitupa jiwe, na kwa nini. Aliyasikia yote, na zaidi ya miaka 30 baadaye tutayaona yakirudi.

Baba yake alifariki mwaka 1731. Mama akamsihi amalize masomo, naye akatwaa shahada ya sheria Padova mwaka huo huo, akawa wakili Venezia mwaka 1732. Hakudumu. Madeni na ahadi ya ndoa aliyoshindwa kuitimiza vilimfanya aondoke mji kimya kimya. Alikuwa na tamthilia ya nyimbo mkobani, akaipeleka Milano, wakubwa wa jukwaa wakaikosoa, naye akaitia motoni. Mwaka 1734 mchezo wake mwingine ulipokelewa vizuri Venezia, na mwaka 1736 alimwoa Nicoletta Conio mjini Genova. Usiku wa harusi bwana harusi akashikwa na ndui. Alipona, na bibi huyo alikuwa naye mpaka siku ya mwisho. Hawakujaliwa watoto.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Michezo ya kuchekesha ya Italia wakati huo haikuandikwa. Waigizaji walipewa mpango mfupi tu, kisha kila mtu akatunga maneno papo kwa papo. Walivaa barakoa, na kila barakoa ilikuwa na lahaja yake. Mzee Pantalone, mfanyabiashara bahili, alisema Kivenezia. Daktari mjuaji alisema lahaja ya Bologna. Watumishi Arlecchino na Brighella walisema lahaja ya Bergamo. Wapenzi wawili, wazuri na waungwana, wao walisema Kitoskana safi. Yaani mtu alipoisikia lahaja jukwaani, alijua wakati wa kucheka umefika. Mapenzi, heshima na hoja vilikuwa na lugha yao nyingine.

Twalijua hilo. Angalia vichekesho vya televisheni zetu hapa Kenya. Mara ngapi mtu wa pwani ameletwa kwa lafudhi yake, awe mvivu, mshirikina ama mbea, na watu wacheke? Mara ngapi Kimvita kimetumika katika vipindi hivyo kutoa hoja ya maana? Nilipokuwa nikisomea diploma, mwalimu mmoja alinisimamisha mbele ya darasa kwa kuwa nilisema mtele badala ya mchele, na darasa zima likaangua kicheko. Mtele ndilo neno alilotumia bibi yangu siku zote alipopika, na nyanya yake kabla yake. Siku hiyo nilijifunza kuwa kuna maneno ya kwetu yanayoruhusiwa jikoni tu.

Goldoni aliamua kuuvunja mpango huo, na aliuvunja polepole. Mwaka 1738 aliandika maneno ya mhusika mmoja tu, wengine akawaachia watunge wenyewe. Mwaka 1743 aliandika mchezo mzima, neno kwa neno. Lakini madeni yalimwandama tena, akahamia Pisa, akarudia uwakili kwa miaka kadhaa. Huko ndiko alikotunga mchezo wa mtumishi wa mabwana wawili, ambao hadi leo huchezwa duniani kote. Mwaka 1748 kiongozi wa kundi la waigizaji, Girolamo Medebach, alimshawishi arudi nyumbani awe mwandishi wa kulipwa katika jukwaa la Sant'Angelo. Uwakili akauacha moja kwa moja.

Lakini katika michezo ya miaka hiyo alimleta wakili jukwaani. Mchezo huo unahusu wakili wa Venezia aliyekwenda mji wa Rovigo kutetea kesi, na anayempinga mahakamani ni msichana anayempenda. Wakili wa upande wa pili atoka Bologna, amekuja na hotuba iliyoandikwa kwa lugha ya kitabu. Wa Venezia asimama bila karatasi, atetea kwa Kivenezia, hoja juu ya hoja, ashinda kesi, na mwisho amwoa msichana. Watu wa Venezia walikuwa wakiisikia lugha hiyo mahakamani siku zote. Jukwaani, hata hivyo, walikuwa wamezoea kuisikia kwa Pantalone anayedanganywa na watumishi wake. Sasa waliisikia kwa mtu mwenye akili na heshima, na hakuna aliyetakiwa kumcheka.

Mwaka 1750, watazamaji walipopungua, kundi lake lilitangaza ahadi ya kiwazimu: msimu ujao Goldoni angetoa michezo 16 mipya. Aliitimiza, ingawa ilimgharimu afya. Mmoja katika hiyo ni ule wa duka la kahawa, ambamo bwana mmoja akaa kutwa barazani na miwani yake, akichungulia nani aingia nyumba gani, na kusambaza uongo, mpaka mtaa mzima wamchoka na kumfukuza. Sidhani kuna baraza la kahawa Mji wa Kale lisilomjua bwana huyo. Hapa pana funzo jingine. Mchezo huo mwanzo ulikuwa na wahusika wa Kivenezia, lakini alipouchapisha aliugeuza Kitoskana ili usomwe nchi nzima. Goldoni hakuwa adui wa lugha sanifu. Aliitumia, aliisomea, na michezo yake mingi imeandikwa kwa hiyo. Alichokataa ni kuwa lugha moja iwe na haki ya kusema yote, na nyingine iwe na haki ya kuchekesha tu. Na alipochapisha michezo ya lahaja, aliweka maelezo chini ya ukurasa kuwafafanulia wageni maneno ya kwao. Hakuyafuta maneno ili wageni wastarehe.

Aligombana na Medebach juu ya haki ya kuchapisha kazi zake, na mwaka 1753 akahamia jukwaa la San Luca. Hapo alitoa kazi zake bora za lahaja. Moja, ya mwaka 1760, ni ya wanaume wanne wakali wanaowafungia wanawake wao nyumbani. Mmoja amemposea binti yake kijana wa rafiki yake, na amekataza kabisa wawili hao waonane kabla ya siku ya ndoa. Wanawake wapanga hila, kijana aletwa amevaa kike na barakoa, siri yafichuka, nyumba yawaka. Kisha mke wa mmoja wao asimama na kuwapa wanaume hao maneno yao, kwa lugha ya jikoni na sebuleni, kwa hoja iliyopangika, mpaka wakosa jibu. Mzee mmoja kati ya hao ana msemo uliomganda ulimini, kama wazee wetu walivyo na yao. Sisi tuna sheria na adabu zetu za posa, na dini yetu yatufunza kuwa binti aulizwe ridhaa yake. Lakini mzee asiyetaka kuulizwa neno nyumbani mwake twamjua sote, na lugha anayoitumia twaijua.

Nyingine, ya mwaka 1762, ni ya magomvi ya Chioggia. Wanawake wamekaa njiani nje ya nyumba zao wakifuma lesi, wakingoja mashua za waume na ndugu zao. Apita kijana mmoja, anunua boga la kuchoma, amgawia msichana ambaye tayari ana mchumba. Boga hilo latosha. Waume wateremka kutoka baharini wakuta mtaa umegawanyika, visu vatolewa, mawe yarushwa, kesi yafika kwa karani wa jinai. Karani huyo kijana, anayechoka kuwahoji na mwishowe awapatanisha kwa ndoa, ni nani kama si Goldoni wa zamani? Karibu mchezo wote umo katika lahaja ya Chioggia. Kuna nahodha mmoja mzee anayesema kwa haraka na kumeza maneno hata karani hamwelewi, na watazamaji hucheka. Lakini wacheka kama mtu anavyomcheka mjomba wake, kwa mapenzi.

Mwandishi mkubwa wa Kijerumani, Goethe, aliuona mchezo huo Venezia mwezi Oktoba 1786, na katika habari za safari yake alieleza furaha kubwa ya watu wa hapo walipojiona wenyewe jukwaani walivyo.

Kwa bahati mbaya, wakati huo Goldoni hakuwapo tena mjini. Alikuwa na maadui. Mkubwa wao alikuwa Carlo Gozzi, bwana wa ukoo wa kifahari, mmoja wa wanachama wa jumuiya iliyopigania usafi wa lugha ya Kitoskana. Walimwona Goldoni ameshusha hadhi ya jukwaa kwa kuleta midomo ya wachuuzi na wavuvi. Mwaka 1761 Gozzi akatoa mchezo wa hadithi za ajabu wa kumkejeli, na watu wale wale waliompigia Goldoni makofi wakaukimbilia. Mji hupenda kipya. Mwaka 1762 Goldoni akaaga kwa mchezo mmoja wa mwisho, akaenda Paris na mkewe kuandikia jukwaa la Wataliano waliokuwa huko.

Paris ilikuwa mtihani. Wafaransa hawakujua Kitaliano, sembuse lahaja zake, na walitaka barakoa zile zile za kutunga papo kwa papo alizopigana nazo miaka 20. Ikambidi aanze upya. Baadaye akawa mwalimu wa Kitaliano wa binti wa mfalme Louis wa 15 huko Versailles, akapoteza nuru ya jicho moja, akapewa pensheni. Mwaka 1771, akiwa na umri wa miaka 64, alitoa mchezo alioutunga kwa Kifaransa, na ukasifiwa. Kwa Kifaransa pia aliandika habari za maisha yake, zilizotoka mwaka 1787. Mtu aliyeithamini lugha ya mama kuliko wengi hakushindwa na lugha za watu.

Kisha yakaja mapinduzi. Pensheni zilizotolewa na mfalme zilifutwa. Mfalme mwenyewe, Louis wa 16, alikatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793. Goldoni, mzee mgonjwa wa karibu miaka 86, alikuwa katika ufukara. Tarehe 6 Februari akafariki. Siku iliyofuata, bunge la mapinduzi lilipitisha arudishiwe pensheni yake, bila kujua kuwa mwenyewe hayuko tena. Ikaenda kwa mjane. Kaburi lake halijulikani lilipo. Miaka minne baadaye, 1797, dola ya Venezia nayo ikaanguka kwa Napoleon.

Lakini lugha haikuanguka. Mwaka 1829 likatoka kamusi kubwa la Kivenezia la Giuseppe Boerio. Mwaka 1883 Venezia ikamsimamishia Goldoni sanamu karibu na daraja la Rialto, na jukwaa la San Luca leo laitwa kwa jina lake. Wahamiaji kutoka upande huo waliokwenda Brazil walichukua lugha yao, na vizazi vyao wangali wakiizungumza. Sheria ya Italia ya mwaka 1999 ya kulinda lugha ndogo haikuitaja, hata hivyo watu wa mkoa huo waisema nyumbani, sokoni na kwenye mzaha. Mtu akiuliza vipi walizungumza bibi na babu zao, jibu limo katika michezo ya Goldoni, pamoja na hasira, mapenzi na ubahili wao.

Sasa niulize kuhusu sisi. Ni hapa hapa Mombasa, mwaka 1928, ambapo mkutano wa wakoloni ulikubaliana kuwa Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Silalamiki juu ya hilo. Kiswahili sanifu kimetufikisha mbali, nami naandika kwa hicho sasa hivi. Lakini hatukuambiwa tuzike Kimvita, Kiamu, Kipate wala Kivumba. Hilo twalifanya wenyewe, kila tunapomsahihisha mtoto aliyesema ndoo ama ndia kama kwamba ametamka tusi. Washairi wetu, tangu Muyaka bin Haji, walitunga kwa lugha ya mji wao na wakasikika pwani nzima. Kizazi hiki kina simu yenye kamera mkononi, jambo ambalo Goldoni hakuwa nalo, na bado bibi zetu wafariki na maneno yao hayajarekodiwa.

Nawaomba mambo matatu. Vijana wanaotengeneza video na michezo ya kuigiza hapa pwani, mpeni wakili, daktari na mama mwenye hekima lahaja yenu, msimpe mlevi na mganga peke yao. Walimu, mfundisheni mtoto sanifu kwa ajili ya mtihani bila ya kumwambia kuwa lugha ya nyumbani kwao ni makosa. Na wazazi, Ijumaa hii mkimaliza chakula, mketisheni mzee mmoja wa nyumba, mumuulize jina la kila chombo cha jikoni na kila sehemu ya jahazi, na mumrekodi. Sisi wa leo tutakuwa tumewaachia watoto wetu kitu.